Kutaja Mikono

Jumatano, tarehe 14 Julai 2094. Asubuhi hiyo sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani ya Kitulo, nyeupe kama unga uliomwagika. Ukungu ulikuwa umejikunja chini mabondeni, anga juu limetakata, na upepo ulikuwa bado haujaamka. Kwa watu wa viazi ilikuwa asubuhi mbaya. Kwa watu wa nuru ilikuwa asubuhi ya kumshukuru Mungu, maana hewa ikitulia mwale haupindi.

Subilaga Mwaisaka, fundi wa kung'arisha vioo kwa miaka ishirini na minne, alisimama kwenye mstari wa njano mbele ya mlango wa chumba safi, akanyoosha mikono.

"Haya, taja," alisema Sikudhani, mlinda mlango, kalamu tayari.

"Shuka. Maji. Biblia. Sufuria ya viazi. Kitasa cha mlango. Paka wa jirani."

"Paka! Mama wewe, paka ni dakika kumi za ziada."

"Alinijia mwenyewe."

"Wote husema hivyo." Sikudhani aliandika paka.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Kituo cha Nuru. Hakuna aliyeingia mahali penye vioo kabla ya kutaja mikono, yaani kusema kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili, kila kitu alichogusa tangu aamke. Shahidi wa kwanza alikuwa Sikudhani na daftari lake. Wa pili alikuwa yeyote aliyefuata kwenye foleni. Kwa kila kitu palikuwa na namna yake ya kunawa: vumbi, maji; jasho, sabuni; mafuta ya aina yoyote, spiriti mara tatu, glavu mpya, na saa nzima ya kungoja. Mashine ya kunusa ilikuwepo pia, lakini ilikuwa inazimika kwa baridi. Daftari la Sikudhani halikuzimika.

Siku hiyo aliyefuata kwenye foleni alikuwa Enesia Sanga, mke wa mdogo wake Subilaga.

"Wifi, umeamkaje?"

"Salama. Sijui wewe, na baridi hii bila mume."

"Mume ninaye," Enesia alicheka, akionyesha angani kwa kidevu. "Ila anapita juu ya paa mara kumi na tano kwa siku, wala hateremki hata kula."

Sikudhani alicheka. Subilaga naye alicheka, kwa meno tu.

Lugano, mume huyo, ambaye Subilaga alimbeba mgongoni mama yao alipofariki, alikuwa mmoja wa watu arobaini na mmoja walioishi Kiota, ile nyumba inayozunguka dunia. Jumapili saa nne asubuhi tanki kuukuu la roketi, takataka iliyoachwa angani tangu zama za mababu, lingepita njia ileile ya Kiota. Kazi ya Kitulo ilikuwa kufagia takataka za namna hiyo: kulipiga tanki kwa nuru ya leza mpaka ngozi yake ichemke kidogo, mvuke utoke upande mmoja, na ule mvuke ulisukume pembeni. Mipigo mia tatu ingetosha. Lakini mipigo yote ilipaswa kupita kwenye kioo kimoja cha mwisho, kipana kama meza ya kulia chakula. Jina la fundi aliyeking'arisha kioo hicho lilichongwa ukingoni, kila mtu akalisoma.

Mara nne jina hilo lilikuwa Subilaga. Safari hii lilikuwa Enesia.

*

Ndani, Mhandisi Kiobya alikuwa anawangoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa kifungua kinywa.

"Njooni mwone wenyewe," alisema.

Jana yake, Jumanne, kioo cha Enesia kilikuwa kimejaribiwa kwa mipigo ishirini ya nguvu kamili. Kiobya alizima taa za chumba, akawasha taa ndogo ya pembeni, akaimulika kwenye ukingo wa kioo. Kioo kizima kikabaki cheusi kama kisima. Kisha, kwenye uso wa nyuma, zikaonekana nyota.

Mafundi waliziita nyota kwa sababu zilimetameta. Kwa kweli zilikuwa vidonda. Mwanga ukikuta kioo safi hupita kama mgeni mwenye adabu, huingia, hutoka, haachi alama. Lakini ukikuta kitu cha kuukamata, kama punje ya vumbi, ufa mwembamba uliobaki wakati wa kusaga, au unyevu wa kidole, hukwama hapo. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, hapo panakuwa pa moto kuliko tanuri lolote. Kioo huchemka, hupasuka, hubaki kishimo kidogo kuliko punje ya ulezi. Mpigo unaofuata hukikuta kishimo na kukipanua. Unaofuata tena, zaidi. Na mara nyingi huanzia nyuma, kule nuru inakotokezea ikishapita, si mbele inakoingilia.

"Mia moja na nne," Kiobya alisema. "Nimezihesabu mara mbili. Kwa mipigo mia tatu kioo hiki kitapasuka kabla hatujafika nusu."

 Enesia aliweka mkono mdomoni, akakumbuka amevaa glavu safi, akautoa.

Na Subilaga? Nitasema ukweli kama ulivyokuwa. Kitu cha kwanza kilichopita kifuani mwake kilikuwa furaha. Ilikuwa ndogo, ya moto, kama mtu aliyemeza chai upesi. Huyu niliyemfundisha kushika msasa, alijiambia, huyu aliyekuja na asidi zake! Maana Enesia alikuwa ameleta njia mpya ya kukiosha kioo kwa asidi baada ya kukisaga, ili nyufa zilizojificha chini ya mng'ao zifunguke na kusafishika. Subilaga alikuwa amesema mbele ya watu wote, "Hiyo asidi yako itatuumbua." Kisha kioo cha kila mmoja kikapimwa nguvu ya nuru kinayostahimili. Kazi ilihitaji kipimo cha kumi na mbili. Cha Subilaga kilistahimili hadi kumi na tatu. Cha Enesia, kumi na sita.

Wiki hiyohiyo Lugano alipiga simu kutoka Kiota akaongea na mkewe robo saa, na dada yake akabakiziwa salamu.

Subilaga aliinama kuzitazama nyota vizuri. Ndipo furaha yake ilipokatika. Nyota hazikutawanyika. Kama kusaga kungekuwa kubaya, zingetapakaa kila mahali. Hizi zilijazana upande wa kushoto, zikapungua kuelekea kulia, kama mchanga uliorushwa na mtu aliyesimama pembeni.

Upande wa kushoto, hatua mbili tu, palikuwa na rafu ya kioo cha akiba. Kioo cha akiba kilikuwa cha kwake.

Akahisi dole gumba lake la kulia limekuwa zito.

*

Jumanne alfajiri, kabla ya jaribio, Subilaga alikuwa ameomba kwa machozi. Alikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya upako aliyopewa kanisani, akajipaka kipajini. Maombi hayakuwa kosa. Aliomba kila siku tangu ujana, na Mungu alikuwa amemvusha pengi. Kosa lilianza pale alipoitia chupa mfukoni. Mlangoni alitaja shuka, maji, mkate na sabuni. Chupa hakuitaja. Spiriti mara tatu na saa nzima ya kungoja, na Enesia atangulie ndani akasifiwe peke yake?

Ndani, alipokuwa anakipandisha kioo chake kwenye rafu, alivua glavu moja, akatia tone moja kwenye dole gumba, akaligusisha ukingoni, kwenye chuma, si kwenye kioo. Akanong'ona, "Ee Bwana, ikumbuke kazi ya mikono yangu." Halafu akaongeza maneno ambayo hajawahi kumwambia mtu: "Na yake uionyeshe ilivyo."

Kisha milango ikafungwa na pampu zikanyonya hewa yote chumbani. Fundi wa miaka ishirini na minne anajua kinachotokea hapo. Mahali pasipo na hewa mafuta hayatulii. Huinuka mvuke usioonekana, hutafuta cha baridi cha kulalia. Na kitu cha baridi kuliko vyote chumbani kilikuwa uso wa nyuma wa kioo cha Enesia.

Alilijua hilo. Alikuwa amelifundisha kwa wengine. Asubuhi ile hakulikumbuka, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye jina la ukingoni.

*

Walikaa chumba cha chai. Kiobya hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume.

"Enesia, sikulaumu. Ila kama ni asidi, ina maana nyufa zimefunguka kioo kizima, hazitibiki. Tutakitupa. Tutaweka cha akiba. Na wewe utarudi banda la kusagia mpaka bodi iamue."

"Kwa muda gani, Mhandisi?"

"Mara ya mwisho ilikuwa miaka mitatu."

"Na jina langu?"

"Litasagwa."

Enesia alitikisa kichwa polepole. "Nimekipima mara tisa," alisema. "Mara tisa, Mhandisi. Sijui nimekosea wapi. Nioneshe tu nilipokosea, nitakubali."

Hapo Subilaga aliona njia. Ilikuwa pana, imefagiliwa, haina hata jiwe. Kioo chake kilitosha: kumi na tatu ni zaidi ya kumi na mbili. Kilichohitajika ni kuosha chumba, rafu na kioo chenyewe, mafuta yaondoke. Mdogo wake angepona. Hakuna ambaye angejua.

"Mhandisi," alisema, na sauti yake ilitoka laini mno, "kabla ya kuweka kioo changu, naomba chumba kizima kioshwe upya. Kwa tahadhari tu. Mimi mwenyewe nitaosha."

"Ndiyo maana nakuheshimu, Mama Subilaga," Kiobya alijibu. "Wenzako wangekimbilia kuweka."

Enesia akamgeukia, macho yamejaa. "Ahsante, wifi. Mimi nimeharibu kazi, na wewe unafikiria usalama wa Lugano."

Skrini ya ukutani ikalia. Lugano alitokea, nywele zimesimama kama kawaida ya watu wa Kiota, kijiko kinaelea nyuma ya sikio lake.

"Mbona mmenuna kama mnauza chumvi kwenye mvua? Dada! Mke wangu! Tanki letu linaendeleaje?"

"Tuna shida ya kioo," Enesia alisema. "Changu kimeota nyota."

Lugano alitabasamu. "Basi dada yupo. Nyie wawili mkiwa hapo chini, mimi nalala usingizi. Wenzangu hapa wanauliza mbona nakoroma."

"Koroma tu," Subilaga alisema.

Picha ilipozimika, Enesia alimshika mkono. "Wifi, niombee. Mimi leo siwezi."

Subilaga akafumba macho, akaomba. Alikuwa mwombaji mzuri, watu wa kanisa walijua. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yenye mpangilio: Bwana umtie nguvu mtoto wako, umfunulie alipokosea. Alipofika hapo ulimi ukagota. Enesia ndiye aliyesema amina, peke yake.

Jioni, nyumbani, alipiga magoti kando ya kitanda akajaribu tena. Alianza, "Bwana, funika," akaishia hapo. Akaanza upya, "Bwana, unajua moyo wangu," akaishia hapo pia. Kila alipotaka kusonga mbele alimsikia Sikudhani kama yuko chumbani, na kalamu yake: Haya, taja. Alikaa pale sakafuni mpaka viazi vilivyokuwa jikoni vikaungua sufuria nzima.

*

Alhamisi sakitu ilikuwa nzito zaidi. Mlangoni palikuwa na Sikudhani, Mhandisi Kiobya, na Enesia, ambaye alikuja kuchukua vifaa vyake: msasa wake, kitambaa chake, kikombe chenye picha ya jogoo. Ndani, kifaa cha kuchongea majina kilikuwa tayari kimewekwa mezani.

Subilaga alisimama kwenye mstari wa njano.

"Mikono," Sikudhani alisema. "Na leo usiniambie paka."

"Shuka. Maji. Sufuria iliyoungua." Akatazama dole gumba lake. "Na chupa ya mafuta ya upako."

"Leo?"

"Jumanne."

"Jumanne imepita, mama yangu. Mimi naandika ya leo."

"Rudi nyuma, Sikudhani. Funua Jumanne."

Sikudhani alimtazama, akalamba kidole, akafunua. "Shuka, maji, mkate, sabuni. Shahidi wa pili, Enesia Sanga. Mafuta hayamo."

"Hayamo kwa sababu sikuyataja. Yalikuwa mfukoni. Nikaingia nayo. Nikatia tone moja kwenye ukingo wa kioo changu, kwa dole hili. Kisha pampu zikawashwa."

 Kiobya hakuhitaji kuelezwa. Alichukua taa ya zambarau, ile inayofanya mafuta yang'ae, akavaa glavu, akaingia ndani peke yake. Walimsikia akizima taa za chumba.  Aliporudi alisema maneno matatu tu: "Inang'aa rafu nzima."

Enesia alikuwa ameshika kikombe chake cha jogoo kwa mikono miwili.

"Tone," alisema.

"Tone moja."

"Kwa nini?"

Subilaga angeweza kusema ilikuwa imani, na watu wangeelewa. "Nilikuonea wivu," alisema. "Kwa kioo. Kwa kile kipimo cha kumi na sita. Kwa Lugano kukupigia wewe kwanza. Niliomba Mungu aionyeshe kazi yako ilivyo."

"Na ameionyesha!" Enesia alicheka, kicheko kikavu, kisha sauti ikapanda. "Lakini jana wifi? Ya Jumanne nitaielewa, binadamu ni binadamu. Jana ulinishika mkono ukaniombea! Nilikuambia nioneshwe nilipokosea, nawe umekaa mbele yangu unakunywa chai!"

"Ndiyo."

"Usiku kucha nimehesabu hatua zangu. Nimerudia asidi kichwani, dakika kwa dakika. Nimejiona mjinga. Nimejiona nataka kumuua mume wangu kwa ujuaji wangu!"

 Sikudhani alikuwa ameacha kuandika.

Kiobya alikohoa. "Enesia, samahani. Nisikilize kama fundi kwanza. Kama ni mafuta na si nyufa, vidonda ni vya juujuu."

Ilimchukua Enesia pumzi tatu kurudi kuwa fundi. Ilionekana usoni mwake, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. "Basi vinatibika," alisema. "Kila nyota naipitishia leza ndogo, ya upole. Kioo kinalainika pale, kishimo kinajifunga, kinabaki kibonde laini, nuru haipati cha kushika. Robo saa kila moja."

"Saa ishirini na sita," Kiobya alisema. "Na kuosha chumba. Tunafika Jumamosi jioni."

"Tunafika, kama sitaharibiwa tena." Akamgeukia Subilaga. "Kioo chako hakipandi. Changu ndicho kitapanda."

"Ndicho kilichostahili."

"Sijaomba maoni."

Kiobya alilichukua daftari kutoka kwa Sikudhani, akalitafuta jina la Subilaga kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kugusa vioo, akalipiga mstari. Miaka ishirini na minne ilipita chini ya kalamu kwa sauti ndogo ya karatasi. Subilaga alitazama mpaka mwisho. 

"Wifi, nisamehe," alisema.

"Sijui kama nimekusamehe," Enesia alijibu. "Na sitaki msamaha wa chumbani, tunalia, tunakumbatiana, kesho mambo yanasahauliwa. Umenyamaza hapa, kwenye mstari huu. Sema hapa. Sikudhani ashuhudie, Mhandisi ashuhudie. Sema utafanya nini."

Sikudhani alitafuta ukurasa mweupe. "Polepole basi," alisema, "maana hii siiandiki mara mbili."

Subilaga alirudi kwenye mstari wa njano, akasawazisha miguu, akanyoosha mikono yake mitupu mbele, viganja juu, kama anayeingia kazini.

"Mimi Subilaga Mwaisaka, mbele ya Sikudhani na mbele ya Mhandisi Kiobya. Sitagusa kioo tena mpaka Enesia mwenyewe aniite kwa jina langu, na asiponiita sitauliza. Mpaka Jumamosi nitakaa nje ya mlango huu, nimpikie, nimpashie maji ya kunawa, nimsomee hesabu ya nyota, na kila asubuhi nitataja mikono yangu kama ninayeingia, ingawa siingii. Na Jumapili saa nne, tanki likishapita, nitaongea na mdogo wangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nitamwambia kwamba nuru iliyomwokoa imepita kwenye kioo cha mke wake. Halafu nitamwambia kuhusu tone."